Bumu Likitoka, Nunua Matairi Kwanza

Mvua zimeanza kupiga huku Buhongwa, bumu nalo linanukia, na kama kawaida ya kila semista, nikipita vijiweni habari ni moja tu: baiskeli. Nauli imechosha watu. Bodaboda wa kukutoa Buhongwa mpaka Malimbe akikuona umekumbatia begi la madaftari asubuhi anajua huyu kachelewa, anapandisha bei hapo hapo. Kwa hiyo kila mtu anataka baiskeli. Sawa kabisa, mimi ni mtu wa pedeli na sina mpango wa kuacha. Ila nikisikiliza mnavyozichagua hizo baiskeli naona hela zinakwenda kupotea, na hela ni nusu tu ya tatizo. Kuna mifupa pia.

Msimamo wangu nauweka hapa juu ili asiyekubali aanze kununa mapema. Kwa milima yetu hii ya mawe na kwa mvua hizi, kinachokuweka juu ya baiskeli ni matairi na breki. Fremu inayong'aa, gia 21, lile lispringi kubwa katikati ya fremu, yote hayo ni urembo mpaka kwanza tairi la mbele liwe limeshika chini. Mwenye hela ya mawazo anunue mtumba wa kawaida, wa chuma, usio na shokapu hata moja, halafu robo nzima ya bajeti aiweke kwenye matairi mawili ya maana na mipira ya breki. Huyo atafika darasani kabla ya yule wa baiskeli mpya, na atafika mzima.

Tuelewane kwanza tunapita wapi. Lami ya barabara ya Shinyanga siizungumzii, pale hata baiskeli ya mtoto inakwenda (malori ya pale ni habari nyingine kabisa). Nazungumzia njia za panya, zile za ng'ombe na za miguu zinazokatiza vilima nyuma ya Buhongwa, upande wa Lwanhima, na zile za kuteremkia ziwani huku kwetu Malimbe. Mji huu hauitwi Rock City kwa utani jamani. Haya mawe ni graniti ya umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na jua na mvua vimeyalamba mpaka yamekuwa na mabega ya mviringo. Yakiwa makavu yanashika tairi kama msasa, unapanda mpaka unajishangaa. Yakilowa, hasa pale penye ule utando wa kijani, yanakuwa sabuni. Na sisi tunayapita yakiwa yamelowa, kwa sababu mvua za ziwani zinapenda kupiga usiku kuamkia asubuhi, na kipindi cha kwanza hakisubiri jiwe likauke.

Ukishuka kutoka kwenye mawe udongo nao unabadilika kwa mpangilio, na Wasukuma waliupa kila mmoja jina lake zamani sana. Juu karibu na mawe ni luseni, mchanga mwepesi uliotokana na hayo hayo mawe kumomonyoka. Ukishuka zaidi unakutana na itogolo, udongo wa kijivu mgumu kama sakafu, ambao ukipata manyunyu unateleza kwa juu tu huku chini ukiwa mkavu. Bondeni kabisa ni mbuga, ule mweusi unaopasuka kiangazi na kuvua watu viatu masika. Mtaalamu mmoja wa udongo, Geoffrey Milne, aliyekuwa akifanya kazi Amani kule Usambara, mwaka 1935 alitoa jina la kitaalamu kwa mpangilio wa namna hii wa kutoka kilimani hadi bondeni, akauita katena, na neno hilo linafundishwa dunia nzima mpaka leo. Bibi zetu wa Kisukuma walikuwa wanalima kwa kuufuata siku zote. Ninachotaka muone ni hiki: ndani ya kilomita moja tu baiskeli yako inapita jiwe la kuteleza, mchanga, sakafu yenye mafuta na ulimbo. Hakuna shokapu linalotatua hilo, kwa sababu tatizo haliko kwenye kuruka-ruka, liko pale kidogo tu tairi linapogusana na ardhi.

Na hizi baiskeli tunazoziita za milimani zenyewe zilizaliwa hivyo hivyo. Marekani, California, kaunti ya Marin, kuna mlima unaitwa Tamalpais. Miaka ya 1970 vijana wa pale walikuwa wanafufua baiskeli za kizamani za Schwinn na kuteremka nazo njia za vumbi za zimamoto. Kwa nini hizo mbovu na siyo baiskeli nyepesi za mashindano za wakati ule? Kwa sababu ya matairi. Schwinn alileta matairi manene ya inchi 26 kwa 2.125 mwaka 1933 kwa ajili ya baiskeli za watoto, na miaka 40 baadaye ndiyo yalikuwa matairi pekee yanayovumilia mawe. Mwaka 1976 wakaanza mashindano ya kuteremka waliyoyaita Repack, kwa maana breki ya ndani ya habu ya nyuma ilikuwa inachemka mpaka grisi inaungua na kutoka moshi, ukifika chini lazima uijaze upya. Umeona? Siku ya kwanza kabisa ya mchezo huu wasiwasi ulikuwa tairi na breki. Shokapu za foku za kununua dukani zilikuja kuelekea 1990, wakati watu walishazunguka milima yote bila hizo.

Sasa rudini huku. Mshkaji wangu mmoja, jina nalihifadhi maana ananisoma, alichukua bumu la semista iliyopita akanunua mashine mpya, shokapu mbele, shokapu kati, rangi ya machungwa, stika kila mahali. Ilikuwa nzito, nilipoinyanyua kupandisha ngazi za geto nilihisi kama nabeba gunia la mkaa. Matairi yake yalikuwa na kashata kubwa za kutisha, ukiyaona unasema hili litapanda ukuta. Ila ukiyabonyeza kwa kucha ni magumu kama soli ya kandambili ya zamani. Mvua ya kwanza kubwa, anateremka jiwe moja ambalo wote tunalijua, tairi la mbele likaondoka bila taarifa. Mtulinga ukavunjika. Wiki sita mkono kwenye kitambaa, UE mbili zikampita, na baiskeli ikauzwa nusu bei ili alipie matibabu. Shokapu zote mbili zilikuwa nzima kabisa.

Hapo ndipo wengi wanapodanganyika, kwenye kashata. Kashata kubwa zinasaidia pale ambapo zinaweza kuzama: kwenye matope, kwenye udongo laini. Jiwe halizamwi. Kwenye jiwe bichi kinachoshika ni mpira wenyewe, ulaini wake na ukubwa wa eneo lililogusa, na kashata ndefu zilizotawanyika zinapunguza hilo eneo, halafu zinapinda upande ukikata kona. Kwa hiyo kwa njia zetu tafuta tairi lenye kashata za wastani, katikati zikiwa zimekaribiana, pembeni zikiwa imara na zimeachana kidogo. Jaribu kwa kucha. Ukibonyeza kashata ikaacha alama kidogo halafu ikarudi, huo ni mpira unaoshika. Kama kucha yako ndiyo inayopinda, mwachie muuzaji. Na matairi yaliyokuja na baiskeli ya mtumba yakague ubavuni: yakiwa na nyufa ndogo ndogo kama kisigino cha mtu asiyepaka mafuta, huo mpira umeshazeeka hata kama kashata zote zipo. Tairi linaweza kuwa kipara bila kuwa na kipara.

Upana? Mimi nasema 1.95 hadi 2.1 kwa hizi za inchi 26. Chini ya hapo mchanga wa luseni unakumeza na ringi inagonga mawe. Zaidi ya hapo, ukiingia mbuga, udongo mweusi unajaa kati ya tairi na fremu, unaganda na majani, na baiskeli inasimama kama imefungwa mnyororo. Kabla hujalipa pitisha kidole kati ya tairi na fremu, juu na pembeni, mbele na nyuma. Kidole kisipopita, na matope hayatapita. Madigadi yafunguliwe masika, ndiyo, shati litapata ule mstari wa matope mgongoni, lakini huo ndio utambulisho wetu. Na niseme ukweli, mbuga ikishalowa sawasawa hakuna tairi la kuipita. Unabeba begani, unavua viatu, unavuka, unaosha mbele ya safari.

Kama hela inatosha tairi moja tu jipya, liweke MBELE. Najua mtaani wanafanya kinyume, jipya nyuma kwa sababu la nyuma ndilo linaloisha. La nyuma likiteleza baiskeli inatikisa kiuno na wewe unaweka mguu chini. La mbele likiteleza huna nafasi hata ya kusema mama. Halafu angalia mshale ubavuni mwa tairi, matairi mengi yana upande wa kuzungukia, na mafundi wengi hawauangalii.

Ukishapata tairi zuri kuna jambo la bure kabisa ambalo watu hawalifanyi, nalo ni upepo. Fundi wetu karibu wote wanajaza tairi mpaka linalia kama ngoma. Siwalaumu, wateja wao wakubwa ni watu wa mizigo, mtu ana Phoenix na magunia mawili ya mkaa nyuma, huyo bila upepo wa kutosha ringi inakwisha siku hiyo hiyo. Nilikwenda kwa mzee mmoja hapa Buhongwa, tukaongea hivi:

"Mwangaluka mzee, shikamoo."

"Marahaba kijana. Tujaze?"

"Tujaze, ila lisiwe jiwe. Liache libonyee kidogo."

"Upepo kidogo unakula tairi, na utachoka njiani."

"Kwenye lami ni kweli mzee. Mimi napita huko juu kwenye mawe, likijaa linanirusha."

Akanitazama, akatoa upepo kidogo, akabonyeza mwenyewe kwa dole gumba, akatoa tena. "Haya. Ila ringi ikipinda usinitaje."

Hesabu yake ni hii, na ni fizikia ya sekondari. Chukua kilo 40 zimekaa juu ya tairi la nyuma. Upepo ukiwa baa 4, tairi linagusa chini kwa eneo la sentimita za mraba 10 hivi. Ukishusha hadi baa 2 zinakuwa 20. Umeongeza mara mbili sehemu ya mpira iliyoshika jiwe, bila kutoa shilingi. Na tairi laini linalikumbatia jiwe, linakunjika juu ya kona yake badala ya kuruka, yaani unapata shokapu ambalo halina uzito na haliharibiki. Kwa mtu wa kilo 60 hivi kama mimi, PSI 28 mbele na 32 nyuma kwenye tairi la 2.1 ni sawa. Mzito aongeze, mwepesi apunguze. Kama huna kipimo, kaa juu ya baiskeli mwenzako aangalie: ubavu wa tairi ututumke kidogo tu. Ukipita jiwe ukasikia ringi inagonga, umepitiliza, ongeza. Ukishusha mno utapata pancha ya matundu mawili yaliyo sambamba, tyubu imebanwa kati ya jiwe na ringi, na kiraka kimoja hakitoshi.

Miiba ya migunga nayo ipo. Dawa ya kienyeji ni kuchukua tyubu ya zamani, kuikata katikati na kuilaza ndani ya tairi kama bitana. Inaongeza uzito kidogo, lakini uzito huo ni mwepesi kuliko kutembea kilomita nne unasukuma. Ubavu ukichanwa na jiwe, weka kipande cha tairi kuukuu kwa ndani, hata kipande cha chupa ya maji kinakufikisha nyumbani.

Sasa jambo lililoliza watu wengi kuliko yote: saizi. Unasikia "nna ishirini na sita" unadhani zote ni ndugu. Siyo! Ubavuni mwa tairi kuna namba mbili zenye kistari katikati, kwa mfano 50-559. Ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha pale tairi linapokaa kwenye ringi, na hiyo ya pili ndiyo isiyodanganya. Baiskeli za gia za inchi 26, zenye namba za nukta kama 26 x 1.95, ni 559. Zile za Kijapani za mtumba zenye kikapu mbele, ambazo kina dada wengi wa hosteli wanazipenda kwa kuwa fremu imelala, zimeandikwa 26 x 1 3/8, na hizo ni 590. Tairi la moja haliingii kwenye nyingine hata ukilia. Phoenix yenye 28 x 1½ ni 635. Mtumba wa Ulaya unaoandikwa 28 pia, au 700C, ni 622, na hiyo 622 ndiyo ile ile wanayoiita 29 kwenye baiskeli za milimani za siku hizi. 27.5 ni 584. Yaani kuna 28 mbili zisizolingana, na kuna 28 na 29 zinazolingana. Aliyeanzisha mambo haya sijui alikuwa anatukomesha nani.

Kwa nini nalikazania? Kwa sababu dada mmoja wa darasani kwetu alitaka kuifanya baiskeli yake ya kikapu iwe ya mawe kwa kubadilisha matairi tu. Haiwezekani, 590 zinazopatikana ni nyembamba za mjini, na hata ungepata nene fremu haina nafasi. Na kwa sababu wengine mnatamani 29 mlizoziona kwenye video. Gurudumu kubwa linapita mawe vizuri zaidi, hilo nakubali bila ubishi. Lakini ukiranda maduka na vijiwe vya Buhongwa, Mkolani mpaka Nyegezi unakuta nini kwenye misumari? 28 za Phoenix na 26 za gia. Tairi likichanika Jumanne na UE ni Alhamisi, baiskeli bora ni ile ambayo spea yake inaning'inia kwa fundi wa hapo njiani. Kwa sasa, hapa kwetu, hiyo ni 559. Mwenye hela ya kuagiza Dar kila mara afanye apendavyo.

Vali pia mtazame. Ile pana ya kama gari unajaza popote, hata kwa fundi wa pikipiki. Ile nyembamba ndefu ya mtumba wa Ulaya inataka kichwa chake cha pampu, na fundi asiyeijua anaivunja kwa kuilazimisha. Ukijaza kituo cha mafuta jaza kwa kugusa-gusa tu, ule mtambo wa pale ni wa magari, sekunde mbili tyubu imekwenda na Mungu.

Breki nitakwenda haraka kwa sababu sheria ni moja: nenda dukani na sumaku. Ya spika iliyokufa inatosha. Ibandike kwenye ringi. Ikinasa, hiyo ni ringi ya chuma iliyopakwa kromu, na ringi ya namna hiyo ikilowa mpira wa breki unateleza juu yake kama barafu. Unabana mpaka vidole vinauma na jiwe linakuja. Isiponasa ni aluminiamu, breki za mpira zitashika hata kwenye mvua, mradi usafishe mchanga uliojichimbia kwenye mipira kila wiki, maana huo mchanga unakula ringi. Breki za diski ni bora zaidi kwenye matope, hilo halina mjadala, ila chukua za waya. Za mafuta ni tamu sana mpaka siku hewa inapoingia, hapo utazunguka Mwanza nzima unatafuta anayejua kuzitoa hewa, na atakayekuwekea mafuta yasiyo yake anaua sili zote.

Gia: unachohitaji ni moja tu ndogo ya kupandia. Kama sahani ndogo ya mbele ina meno 28 au chini yake, na kubwa ya nyuma ina 28 au zaidi, umemaliza. Hapo mzunguko mmoja wa pedeli unakusogeza mita 2 hivi, wakati Phoenix inakusogeza kama mita 5, ndiyo maana watu wanashuka na kusukuma. Hizo nyingine 20 ni za kuhesabia usingizi. Fremu: simama ukiwa umeipanda miguu ikiwa chini, kati yako na bomba la juu kuwe na nafasi ya kiganja. Kwenye mawe utashuka ghafla mara nyingi, na bomba halina huruma. Shokapu ya mbele, kama ipo na inafanya kazi, siikatai. Ile ya kati kwenye baiskeli za bei rahisi naikataa moja kwa moja. Inakula nguvu yako kila ukikanyaga, bushi zake zinalegea ndani ya mwaka, na uzito wake umeulipia.

Najua atakayeniuliza, mbona wazee wetu wanapanda huko huko na Phoenix, tairi jembamba, breki ya fito, na hawaanguki? Swali zuri na nimeliwaza sana. Kanda yetu hii baiskeli siyo mchezo, ni maisha. Mkulima wa Kisukuma amesafirisha pamba, maji, mama mjamzito na jeneza kwa baiskeli. Lakini mtazame vizuri. Kwenye jiwe lililolowa mzee anashuka. Anaishika kwa usukani na siti, anaivusha, anapanda tena ng'ambo. Haoni aibu, ana miaka 40 ya kuisoma njia na hana kipindi cha saa mbili. Tairi lake jembamba lilichaguliwa kwa mzigo na barabara ngumu, na kwa hilo ni sahihi. Sisi tunataka kupita juu ya jiwe tukiwa tumekaa, hiyo ni kazi nyingine na inataka mpira mwingine.

Na atakayesema matairi siyo lolote akaangalie Goma. Kule mashariki ya Kongo wana chukudu, baiskeli ya mti mtupu isiyo na pedeli wala cheni, mtu anapiga goti moja juu ya ubao na kusukuma kwa mguu mwingine, anateremka na viazi na kuni kutoka milimani kwenye mji uliojengwa juu ya mawe ya volkano. Lava ya Nyiragongo ya mwaka 2002 ilipita katikati ya mji huo. Pale watu wanaiheshimu mpaka wameijengea sanamu. Kila kitu ni mbao, fremu, usukani, mpaka magurudumu. Lakini seremala anapofika kwenye mzunguko wa gurudumu anatafuta mpira wa matairi ya zamani na kuupigilia hapo. Angeweza kuacha mbao tupu akaokoa hela. Haachi.

Haya, nimeongea sana na nina zoezi la takwimu la kukabidhi kesho. Jumamosi nashuka mjini kutafuta la nyuma, 559, upana wa 1.95, na sumaku ninayo. Bei ya mtu mmoja na bei ya watu wanne hazifanani, kwa hiyo wanaotaka tuandamane tukutane stendi ya Buhongwa saa tatu kamili asubuhi. Njooni mmeshaandika ile namba ya pili ya matairi yenu kwenye karatasi. Asiyekuja nayo tutamnunulia chipsi, tairi hapana.